Mwewe wa Bega la Kulia

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla furaha na hofu hazijanipasua kifua, maana mimi ni fundi cherehani na huu ni mwaka wa kumi na tisa natarizi nembo ya kikosi cha helikopta za uokoaji, mwewe aliyekunjua mabawa na kamba kwenye makucha, kwa kuwa kazi yao ni kuwavuta watu kutoka kwenye mafuriko, na chini yake nyota tatu za wenzao watatu ambao hawakurudi, na mwaka huu binti yangu wa kumzaa amehitimu ufundi wa ndege, akajiunga nao, na Jumamosi ataivaa kwenye gwaride, yaani nimeshona nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Sasa miaka yote nembo ilikaa kifuani, safari hii wakaagiza ikae mabegani, yote mawili, nami nikatumia kielelezo kilekile, bila kukigeuza, kwa mabega yote ya magwanda thelathini na mawili, nikayapeleka stoo, wakapokea, wakasifu, ila jana binti akaja kuniringia na gwanda lake, akajigeuza mbele ya kioo, na mimi nina pini mdomoni nikaona bega la kushoto mwewe anatazama mbele, bega la kulia anatazama mgongoni, anakimbia, na mtoto hakuona, alikuwa anajipigia saluti. Wifi yangu ninayeshona naye akaniambia, “Watu watatazama miguu, wifi, nani atamchungulia ndege? Ukisema, kazi hii imetutoka, na mwanao atachekwa na kikosi kizima.” Je, ninyamaze?

Mama Mwewe

Mama Mwewe, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote, kwa sababu Jumamosi haingoji. Hongera. Umelea fundi wa ndege. Leo una haki ya kutembea katikati ya barabara.

Sasa nikugombeze. Mwaka wa kumi na tisa unamtarizi mwewe huyo na bado unauliza kama unyamaze? Mtu yuko juu ya paa, maji yamemfika kiunoni, anainua macho na anachokiona ni ndege anayempa mgongo. Hilo ndilo ulilolishona. Na zile nyota tatu unataka zibebwe na mwewe mtoro?

Wifi yako ni wa kundi ninalopambana nalo kila wiki katika safu hii, kundi la “nani ataona.” Mpelekee salamu zangu, kali. Fundi akisahau bisibisi ndani ya injini kisha akasema, ndege inazuiwa, inafunguliwa, watu wanalala na watoto wao. Akinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, unajua mwenyewe. Mwanao anaishi kwa sheria hiyo. Usimfanye avae unyamavu wa mama yake begani.

Basi fanya hivi. Mwambie binti kwanza, kabla ya mkuu wa stoo, na umwambie umeketi naye, si kwa simu. Kisha nendeni wote wawili stoo mkayachukue magwanda. Fumua bega la kulia tu, geuza kielelezo, tarizi upya. Saba kwa siku na utamaliza. Wifi akae kwenye cherehani ya pili, na mdomo wake ushike pini. Gwanda litakalokosa muda litoke na bega tupu, kwani bega tupu halimdanganyi mtu.

Jumamosi wahi mapema. Chagua kiti upande ambao mabega yao ya kulia yatapita mbele yako.