Sauti ya Kwenye Santuri

Newcastle,
14 Juni, 1981

Kwako Russ,

Habari za huko Narrabri, na hao kondoo wa mjomba wako wanakuheshimu au bado wanakupiga mateke? Natumai barua hii inakukuta mzima. Sisi wazima. Mama anakusalimu sana, anauliza nani anakupikia. Leanne ameanza kazi kiwanda cha biskuti, analeta zilizovunjika mfuko mzima, kwa hiyo dada anafanya kazi na mimi ndiye ninayenenepa.

Nina jambo la kukwambia, ila nikilianza katikati nitakimbia. Niache nianze mwanzo, hata kama mengi unayajua.

Unakumbuka Septemba, kwenye gereji yetu? Wewe na gitaa lako, Leanne na besi aliyonunua kabla hajajua ina nyuzi ngapi, mimi na ngoma ambazo moja ilikuwa sanduku la nguo. Ulisema bendi zote za mji huu zinapiga kama zimegombana na baba zao. Sisi tutapiga nyimbo fupi, tamu, zenye kelele, na kila mtu aondoke na kiitikio mdomoni. Leanne akatupa jina, Meno ya Utoto. Nikasema jina baya, hayo si hung'oka? Akasema ndiyo, lakini kwanza yanang'ata.

Hakuna aliyetufundisha kitu. Wewe ulikuwa unakaza nyuzi kadiri sikio lako lilivyoamka siku hiyo, Leanne anakufuata, basi. Hatukuwa na piano wala nini cha kulinganishia. Hilo lishike, nitalirudia.

Halafu ile Jumamosi ya Februari kwa mzee Bowditch, anayerekodi bendi za tarumbeta kwenye chumba cha uani. Tukarekodi "Nipigie kwa Jirani". Uliimba mpaka Leanne akafumba macho. Mimi nikachelewa kila kiitikio, na wewe ukacheka mbele ya wote, ukasema napiga kama mtu anayepandisha friji ngazini. Mzee Bowditch alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka. Jina likaninasa hapo hapo, Friji.

Santuri zikaja mia tatu. Makasha yake ya karatasi tukayagandisha wenyewe jikoni kwa uji wa ngano, mende wakala kona zote. Na yule mtangazaji wa redio ya chuo akaupiga wimbo mara tatu siku moja, akasema sauti ya huyu kijana inapaa kama kishada! Tuliruka mpaka Mama akashika sufuria zake.

Ila tulipotaka kupiga pamoja na santuri, ikawa iko juu kuliko magitaa yetu. Tukabishana kidogo. Ukasema basi siku ile lazima ulikaza nyuzi zaidi, nani anajua, na sauti ya mtu ikirekodiwa huwa ngeni masikioni mwake mwenyewe. Tukatyuni magitaa kwa kufuata santuri. Toka hapo ukawa unaimba huko juu, na asali, na ndimu, na kile kitambaa cha Mama shingoni.

Mpaka ile Jumapili ya Mei, mchana, kwenye baa ya karibu na gati. Yule bwana wa kampuni ya santuri ya Sydney kasimama kaunta. Kiitikio cha kwanza ulikifikia. Cha pili ukawa mwekundu. Cha tatu sauti ikapasuka, na jamaa mmoja akapaza, "Mleteni yule wa kwenye santuri!" Baa nzima ikacheka. Uliweka gitaa chini taratibu, kama mtoto aliyelala. Nje, kwenye gari, ukaniambia, "Friji, Februari nilikuwa na sauti. Sasa sina. Imeondoka tu." Wiki ile ile ukapanda treni. Miezi tisa, bendi kwisha.

Juzi Leanne alikutana na mama yako. Anasema huko hata mluzi hupigi, na wakata manyoya wakifungulia redio wewe unatoka nje. Ndiyo maana naandika.

Russ, sauti yako haijaondoka. Hiyo unayoitafuta hukuwahi kuwa nayo. Ile Jumamosi, wewe na Leanne mlipokwenda kununua pai, mzee Bowditch alikuwa anahamisha wimbo kwenye tepu ya pili, ya kupeleka kiwanda cha santuri. Simu ikalia ndani, akaenda. Kwenye mashine inayopiga tepu ya kwanza kuna kitufe cha spidi, cha kuzungusha. Na mimi friji ile bado iko kichwani. Nikazungusha kidogo, ngoma zangu zichangamke, halafu tepu zote mbili nikazirudisha mwanzo, zianze upya. Tepu ikikimbia kila kitu kinapanda, ngoma, magitaa, na wewe. Mzee akarudi, hakugundua. Mkarudi na pai, mkasema wimbo unang'aa. Leanne akasema leo nimepiga vizuri. Nikala pai yangu.

Hilo ungenisamehe, labda. Lakini ile Jumapili nilikaa nyuma yako, nikaona mishipa ya shingo yako, nikajua ni kile kitufe. Nikaendelea kupiga.

Jana nilikwenda kwa mzee, nikamwambia yote, akatoa tepu ya kwanza. Tumeisikiliza mimi na yeye. Unaimba chini zaidi, kuna mkwaruzo kidogo, na haki ya Mungu ni tamu kuliko ile ya redioni. Ngoma ni friji kweli. Kaseti yake nimeiweka humu. Tyuni gitaa kwa hii, ile santuri itupe.

Leanne nimemwambia. Hanisemeshi, ingawa biskuti kaniachia mlangoni.

Sikuombi urudi. Usiponijibu nitajua kwa nini. Ila uimbe, hata kwa kondoo.

Msalimie mjomba wako na wakata manyoya wote wa hapo kambini. Mama anasema ule, na kitambaa chake kaa nacho.

Ni mimi,
Friji