Nilitaka kumshonea mama viti vipya vya Benzi, majirani wakaja kumlilia

Kwako mshauri Bochaberi, nisaidie, na unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana hapa Magwagwa nimetukanwa vya kutosha na bado sielewi kosa langu hasa ni lipi. Marehemu baba alimwachia mama Benzi ya zamani, gari zito la heshima, mama hupelekwa nalo kanisani kila Sabato, lakini ndani lilikuwa limechoka, kitambaa cha dari kimening'inia mpaka kinagusa kichwa, viti vimepasuka na nyuzi za makumbi zinachungulia, basi mama alipokwenda kwa dada yangu Emily kule Nyansiongo kutibiwa magoti nikasema nitamshtukiza, nitalitengeneza mwenyewe, kwa sababu video za kufundisha ziko tele kwenye simu na mafundi wanapenda kuringa.

Nikatoa viti vyote, nikang'oa kapeti na dari, nikanunua ngozi nyekundu, sponji na gundi, na kwa kuwa mvua ya huku haikosi mchana nikaazima turubai la kanisa, nikalisimamisha uani na kupanga viti chini yake gundi ikauke. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa harufu ya gundi hiyo. Akaja jirani yetu Momanyi, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha nyuma cha Benzi bila kusema neno, nikadhani amechoka, nikaendelea kukata ngozi. Wakaja akina mama na ndizi na sukari na majani ya chai, nikafurahi nikidhani wamekuja kuona kazi yangu. Halafu nikasikia kilio kutoka barabarani, ni shangazi Nyanchoka anakuja mbio, mikono kichwani, "Wifi yangu! Umeondoka hata hukuniaga!" na kabla sijafungua mdomo uani kote kukalipuka vilio, nami nimesimama na mkasi najiuliza nani amekufa na kwa nini sikuambiwa.

Katikati ya kilio hicho bodaboda ikasimama langoni, akashuka mama.

Shangazi akapiga yowe la aina nyingine akakimbilia migombani. Mama akatazama turubai, akatazama viti, akatazama Benzi iliyobaki mabati matupu kama ng'ombe aliyechunwa. "Ogeto," akasema, "kumbe nimechelewa." Nikamwambia ilikuwa zawadi yake. "Yangu? Mwanangu, umenirithi nikiwa hai," akasema, akapanda bodaboda ileile akarudi Nyansiongo, na mpaka sasa hapokei simu yangu, Emily anasema mama ameagiza nimalize matanga kwanza.

Sasa wazee wa ukoo wanasema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima mbuzi achinjwe ndipo aingie nyumbani, mchungaji anasema ni maombi tu, mke wangu Purity anasema nirudishe viti vilivyopasuka, na mimi naona ngozi imeshakatwa, skrini kubwa na spika nne nimeshanunua, nimalizie tu ili akiona uzuri wake moyo ulainike. Nishike lipi? Nimechanganyikiwa kabisa. Jina langu lichapishe tu, huku kila mtu analijua.

Ogeto, Magwagwa

*

Ogeto, nilipofika kwa shangazi yako na migomba nilicheka mpaka nikavua miwani. Nilipofika kwa mama yako nikaacha.

Pole. Kumwona mzazi akiondoka nyumbani kwake kwa sababu yako si jambo dogo, na naamini mikono yako ilifanya kazi kwa mapenzi. Majirani nao wasamehe. Turubai uani, viti nje, mwenye nyumba hayupo, mwanawe macho mekundu: Gusii nzima ni nani angepita hapo akadhani mtu anatengeneza gari?

Lakini mama hakuondoka kwa sababu ya majirani. Unaniuliza habari za mbuzi, maombi na ngozi, mama mwenyewe humuulizii. Mtu anayetibiwa magoti umemnunulia spika nne! Kishikio cha kujivutia anapopanda kiko wapi? Rangi nyekundu aliichagua nani? Umelitengeneza gari la mwanamume anayetaka kutazamwa Keumbu siku ya soko, ukaliita zawadi ya mama. Yeye aliliona hilo pale langoni kwa mtazamo mmoja; wewe umeandika barua nzima na hujaliona.

Na si wewe peke yako. Nimechoshwa na kizazi hiki chetu cha watoto wenye mapenzi wasiouliza. Tunang'oa migomba ya mama tupande avokado, tunabomoa jiko lake la kuni, tunamkalisha kwenye kochi refu ambalo miguu yake haifiki chini, kisha tunampiga picha na kumwambia atabasamu. Mtu mzima hashtukizwi kwa mali yake. Anayeshtukizwa kwa mali yake ameibiwa, hata kama mwizi ameacha kitu kizuri zaidi.

Sasa fanya hivi. Turubai lirudi kanisani leo. Usiguse kiti, usikate ngozi, usiunganishe waya. Nenda Nyansiongo mwenyewe. Usimtume Emily, wala usimchukue mchungaji au mzee wa ukoo ujifiche nyuma yake. Usibebe zawadi. Ukifika sema, "Mama, nilichukua kitu chako bila kukuuliza," na usiongeze "lakini". Akinyamaza, nyamaza. Akikutuma maji, chota. Habari za mbuzi au maombi mwachie aliyeliliwa, aamue yeye anachohitaji ili arudi kwake. Kisha muulize anataka gari liweje, na ukae usikilize jibu usilolipenda.

Akitaka viti vya zamani virudi na mipasuko yake, virudishe. Akiipenda ngozi nyekundu, mshukuru ushone. Akisema liuzwe apate ng'ombe wa maziwa, mtafutie mnunuzi. Akisema likae hapo hapo lioze, lioze. Na ukiona moyo wako hauwezi kulivumilia hilo la mwisho, basi mama yako hakukosea hata neno moja, na mimi nitamwandikia huko Nyansiongo nimwambie asirudi.