Samaki Ndani ya Bomba la Kipchumba

Jeruto! Wacha kusahihisha hayo madaftari usome hii. Kipchumba wetu, injinia mzima wa maji, amejiaibisha mbele ya mtaa mzima hapa kisiwani Amu 😂😂

Asubuhi aliwaahidi majirani hatachimba kichochoro chao, kuta zao za kale zisije zikaanguka. Bomba kuukuu litabaki chini, jipya livutwe ndani yake. Wakafurahi, wakamletea na kahawa.

Akaingiza kamera bombani aone hali yake. Mara akaruka. SAMAKI. Samaki hai, Jeruto, anamkodolea macho kwenye skrini!

"Bahari imeingia! Bomba limetoboka, lazima tuchimbe!" Na video akamtumia bosi papo hapo. Kahawa ikaondolewa.

Wueh, si Bi Swafiya, jirani wa kichochoro hicho, akachomoza dirishani! "Ni nani anayemulika birikani mwangu? Nataka kutawadha!"

Kumbe kamera ilifuata tawi la bomba ikatokea ndani ya birika la maji la bafuni kwake. Huku watu hufuga samaki birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtaa mzima unajua. Injinia hajui!

"Kwani huko kwenu, nti yenu, mabirika hayana samaki?" Bi Swafiya akamuuliza, tena kwa huruma kabisa.

Kichochoro kimepona. Sasa hivi wenzake wanavuta bomba jipya. Yeye ameketi barazani amepakata ndoo yenye samaki watatu wa birika hilo mpaka maji yarudi, na Bi Swafiya amemwambia asithubutu kuinuka.