Mchungaji Uliyemsikia Ukiwa Nje

Baba,

Umelala kaburini Itaka, na barua haifiki huko. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu jambo letu lile limerudi, na safari hii limenikuta nikiwa mzee wa kanisa, kama ulivyokuwa wewe.

Unalikumbuka banda langu la video pale Tunduma. Niliuza mchele mpakani, nikadunduliza mpaka nikapata televisheni, deki na jenereta. Hukunipa hata bati moja, wala sikukuomba.

Siku ile tulionyesha filamu ya Kichina. Sichone, mtafsiri wangu, alishika maikrofoni. Kwenye filamu alikuwamo mtawa mwenye kipara, kajifunga shuka la rangi ya chungwa, anaiba mali ya hekalu. Sichone angemwitaje mbele ya watu wa Tunduma? Akamwita mchungaji. "Mcheki mchungaji, kabeba sadaka kama kiroba cha sukari." Watu sitini waliokuwa ndani walikiona kile kipara, wakacheka. Ninyi wazee saba wa kanisa mlikuwa nje ya bati, mkisikia spika tu.

Kesho yake mkaenda ofisi ya kata. Filamu ikapigwa marufuku, banda likatiwa kufuli. Nilipokuuliza kama umeiona, ulijibu taratibu: "Nimeisikia. Inatosha."

Sitini walioona wakashindwa na saba waliosikia. Hesabu hiyo haijanikalia sawa mpaka leo. Tena vijana walivuka tu barabara, wakaiangalia Nakonde, upande wa Zambia, na hata wasiokuwa na habari nayo wakawafuata. Mlimzuia nani, Baba? Mimi peke yangu.

Haya, tuseme yule mtawa angekuwa mchungaji kweli, wa dhehebu letu, na kola yake shingoni. Bado ningesema vilevile. Mimbari mnayo. Mngewakataza waumini wasije kwangu, nisingenuna; hiyo ni kazi yenu. Lakini kuiomba serikali imfumbe macho hata asiyesali kwenu, hapo mmevuka mpaka.

Sasa imekuja filamu nyingine, na wazee wenzangu wanataka niwaongoze kwenda kuomba izuiwe, eti mimi ndiye ninayejua mambo ya video. Nikauliza nani ameiona. Wakasema wamesimuliwa tu. Nikawaambia tukaiangalie kwanza, atakayekwazika aseme Jumapili, ofisini siendi. Mama mmoja akacheka kidogo: "Mwenzetu bado una donda la baba yako."

Ninalo, sikatai. Ila si la kufuli. Asubuhi ile mnakwenda ofisini, njia yenu ilipita mlangoni kwangu. Nilikuwa nafagia. Ungeingia ukanikemea, ningeinamisha kichwa nikakusikiliza mpaka umalize, maana ulikuwa baba yangu. Lakini ulinijulia hali, ukauliza watoto wameamkaje, ukaenda kunishtaki.

Mimi hawa nimewakatalia usoni.

Pumzika, Baba.

Binti yako