Msemaji wa Elodie

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, 5 Mei 2025

Mwanangu Elodie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo limeanza kulalamika kwa sababu ya baridi. Wewe na wauguzi wenzako mko salama?

Jean-Baptiste, fundi cherehani, amerudi kutoka mjini na habari kwamba mwezi ujao utachumbiwa na yule kijana Mmalawi, Dalitso, na kwamba msemaji wako atakuwa Bwana Kachingwe, mwenye nyumba unamopanga. Aliyasema hayo nje ya kanisa, mbele ya watu. Jirani yangu Irangabiye akacheka: "Mzee Mulenda, weye njo utakaa nyuma na bageni?" Nakuuliza wewe: je, nimekufa?

Baba yako,
Mulenda

Nsungwi, Area 25, 11 Mei 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Pole kwa goti. Nakutumia dawa ya kuchua. Mimi sijambo.

Nilitaka kukueleza ana kwa ana, lakini zamu za hospitali zilinibana. Kwa watu wa hapa, baba hamsemei binti yake. Husema mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye hukabidhi kuku jike kwa upande wa mume na kupokea jogoo. Wazee wa Dalitso walipouliza mjomba wangu yuko wapi, niliwaambia kwamba mjomba Lévi alibaki kwetu Uvira tulipokimbia vita, na hatujui kama yu hai. Bwana Kachingwe, aliyekuwepo kama jirani tu, akasema, "Basi mjomba wake ni mimi." Ningemwambia nini, Baba? Wewe utaketi mbele.

Binti yako,
Elodie

Dzaleka, 19 Mei 2025

Elodie,

Salamu. Dawa imefika, asante. Goti ni lilelile.

Kuketi mbele si kusema. Babu yangu alihamishwa na Wabelgiji akalime pamba bondeni, na binti zake waliozwa kwa idhini ya chifu waliyemweka wao. Baba yangu aliapa kwamba jambo hilo halitarudi nyumbani kwake. Kisha vita vikatutoa shambani, mama yako akiwa amekwisha kuzikwa. Nani alikusuka nywele njiani, vibaya, hadi wakimbizi wenzetu wakacheka? Ni Kachingwe?

Nasikia kwamba kila Jumapili unampikia sombe, naye husema hajapata kula mboga kama hiyo. Nasikia unamwita Bambo. Najua kwamba kwao neno hilo ni baba.

Siji. Muwe na sherehe njema.

Mulenda

Nsungwi, 16 Juni 2025

Baba,

Natumaini goti halikuumia, maana najua lilisafiri. Jumamosi, mke wa Bwana Kachingwe alikuona ng'ambo ya barabara, umevaa suti yako ya kanisani, umeketi nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, umempakata kuku. Alipokuita, ulimwambia kijana ageuze baiskeli.

Bwana Kachingwe alikuwa amekwisha kusimama. Mkewe alipomnong'oneza, alimweka kuku chini akasema, "Zikomo, niwieni radhi, wazee. Mwenye binti amefika hadi barabarani akarudi. Mimi siwezi kusema." Mjomba wa Dalitso akafoka: "Tumetoka Dedza kuja kuambiwa habari za baiskeli?" Wakaondoka na jogoo wao. Watarudi tarehe 28, kwa mara ya mwisho. Bwana Kachingwe hatafungua kinywa bila ruhusa yako.

Nimekukasirikia, Baba.

Binti yako,
Elodie

Dzaleka, 20 Juni 2025

Mwanangu Elodie,

Nakusalimu. Kasirika, ni haki yako. Nilimleta kuku kwa sababu nilijua kwamba wa Kachingwe angekuwa mdogo. Lakini nilipomwona kupitia lango, amesimama na koti lake zuri, watu wote wanamsikiliza, nilishindwa kushuka kwenye baiskeli.

Nitafika Alhamisi. Mwambie Kachingwe aache shughuli nyingine zote. Atasema yeye, kwa lugha yao. Lakini kabla ya kumtoa kuku, ataje ukoo wako wote, kuanzia kwangu hadi yule wa kwanza aliyehamia Uvira. Nitamfundisha mwenyewe. Akikwama popote, nitainuka na kuendelea mimi.

Jina la yule wa kwanza ni gumu kulitamka. Natumaini litamshinda.

Baba yako,
Mulenda