Ndege wa Dirisha la Mama

Ng'ambo, Tabora.
Jumapili, 14 Julai 2024.
Asubuhi ya baridi, upepo wa vumbi.

Mpendwa mdogo wangu Nestory,

Hujambo huko Mtwara? Levina na watoto wanaendeleaje? Kikohozi cha yule mdogo kimepona? Sisi tu wazima, na presha ya Mama imeshuka.

Usimtumie Mama nauli ya kurudi kwake Bukene. Najua alikuomba. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu yeye hukaa karibu akisikiliza.

Chanzo ni ndege, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia. Kuanzia tarehe 27 Juni alikuja karibu kila asubuhi kwenye dirisha la chumba cha Mama, akigonga kioo kwa mdomo, akianguka, akirudi, akikichafua. Nilijua anapigana na sura yake akidhani ni dume mwingine. Nikafunga pazia zito. Akazidi, maana giza la ndani lilifanya kioo kionyeshe vizuri zaidi.

Unajua Mama hapendi kumlemea mtu. Ijumaa tarehe 5 akafunga mzigo.

"Julieth, mwanangu, hata ndege ananifukuza. Nirudi kwangu."

Na kliniki ya moyo ilikuwa imebaki wiki moja! Jirani yangu Zabibu akaniambia, "Mpige manati, shoga, Mama apate kitoweo." Mama akamkatiza: "Amekukosea nini? Yeye yuko kwake, mgeni ni mimi."

Jioni nikafungua daftari langu la kila siku. Jumatano na Alhamisi za wiki ile ndege hakuja kabisa. Siku hizo hizo maji yalikatika, sikuosha madirisha; Ijumaa yaliporudi nikaosha alfajiri, naye akarudi. Siku nyingine zote niliosha kinyesi chake kwa sabuni, nikakausha kioo kwa gazeti mpaka kikang'aa. Yaani kila siku nilikuwa nikimsafishia adui yake!

Jumamosi nikamsihi Mama angoje siku mbili tu. Nikayeyusha kipande cha sabuni ya mche, nikakipaka kioo upande wa nje, nikaacha kikauke. Kesho yake ndege alitua dirishani, akainamisha kichwa huku na huku, akashuka uani kutafuta wadudu. Hajagonga tena.

Mama alitoka nje akatazama ule weupe wenye madoa. "Kumbe aliyekuwa akinifukuza ni usafi wako!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Wageni wakiniuliza kuhusu dirisha lile, nawaambia ndivyo linavyokaa.

Ijumaa tulikwenda kliniki. Daktari amempangia tarehe nyingine Agosti, na aliyeitikia ni Mama mwenyewe. Jana nimemkuta jikoni amehamisha vyombo vyangu vyote, akanigombeza: "Chumvi gani hii inawekwa juu kama dawa?" Chumvi ikae anapotaka yeye.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Levina, na shangazi Mektilda ukionana naye. Mungu awafunike kwa amani.

Dada yako akupendaye,
Julieth

Nilianza asubuhi, namaliza saa tatu na dakika arobaini usiku. Nalala.