Swichi Niliyoiacha Ukutani Sindo

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kukaa kaburini nikaongea nawe kama wanavyofanya dada zangu. Si kwamba sikukumbuki. Kuna jambo nilikuficha ulipokuwa hai, na kila nikikaribia pale naona haya. Leo nalisema, na wengine wakilisoma ni sawa pia.

Ulinifundisha kazi ya stima nilipomaliza shule, na watu wa Oyugis wakakuuliza mbona unampandisha msichana juu ya paa. Wewe ukanishikia ngazi tu. Siku moja ulinisimamisha chini ya laini kubwa inayopita nje ya mji, tukasikiliza nyaya zikivuma. Nikakuuliza kwa nini stima hii ya mbali ni AC, na ile ya sola ni DC. Ulichuchumaa ukachora mchangani kwa bisibisi. Ukanieleza kwamba AC huenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde, na kwa kuwa haitulii, transfoma inaweza kuipandisha nguvu isafiri mbali, kisha ikaishusha kabla haijaingia nyumba ya mtu. DC huenda upande mmoja tu, na zamani hakukuwa na njia rahisi ya kuipandisha, kwa hiyo ikashindwa safari ndefu. Uliposikia kwamba siku hizi kuna laini inayoleta DC kutoka Ethiopia mpaka Kenya, ulinipigia simu kuniambia hilo tu, ukicheka.

Ila jambo ulilorudia kuliko yote lilikuwa la cheche.

"AC kila ikigeuka inapitia sufuri, na hapo cheche inapata nafasi ya kufa," ulisema. "DC haipumziki, nyara."

Ukiniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, nilijua hutanii. Swichi ya kawaida ya nyumbani isifungwe kwenye waya zinazotoka kwa paneli, hata kama inatoshea.

Nami nikaifunga. Ulikuwa umeanza kuugua, nikaenda peke yangu kuweka sola kwenye zahanati moja kule Sindo. Swichi ya DC haikuwepo dukani, zahanati ilikuwa inangoja, nikatumia ya kawaida. Nilipokueleza kwa simu ulisema niing'oe. Wiki chache baadaye, ukiwa umelazwa Homa Bay, uliniuliza kama nimeibadilisha. Nikasema ndiyo. Ulinishika mkono, ukafumba macho ukapumzika.

Sikuwa nimeibadilisha, baba. Na kwa kuwa hakuna kilichoharibika, nilifunga nyingine tatu kama hiyo.

Mwezi uliopita Sista Rose, muuguzi anayeisimamia zahanati ile, alinipigia simu kwamba inveta, kile kifaa kinachogeuza DC ya sola kuwa AC, inalia na imepata joto kali. Nilifika saa sita mchana, jua likiwa kali. Kitufe cha kuizima hakikuitikia. Nikaenda kwenye swichi yangu ukutani, nikaishusha.

Haikuzima kitu. Ndani ya kisanduku ulisikika mlio kama wa samaki akitumbukizwa kwenye mafuta, kisha mwanga mweupe, na plastiki ikaanza kuyeyuka. Cheche ilikuwa imeruka na kuziba pengo pale swichi ilipoachana, na jua liliendelea kuilisha. Nyuma ya ukuta huo walilala akina mama watatu na watoto waliowazaa juzi.

Mlinzi wa zahanati alikuja mbio na ndoo ya maji. Nilimzuia kwa mikono yote miwili nikamwambia akimwaga atakufa. Akanisukuma, akidhani nimechanganyikiwa. Sista Rose akasimama kati yetu, akaniuliza kwa sauti ya chini nataka nini. Nikamwambia atoe akina mama, na nipewe turubai lililokuwa limeanikiwa mahindi uani.

Nilipanda paa nikilivuta turubai. Nilifunika paneli za kwanza, mlio ukaendelea. Upepo wa ziwani ukalirudisha turubai usoni kwangu. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati sasa. Ndipo mlinzi akapanda, akashika ukingo mmoja bila kuuliza, tukavuta pamoja. Tulipofunika paneli ya mwisho, mlio ukakatika.

Hakuna aliyeumia. Ukuta ulikuwa mweusi, na nyuma yake, upande wa wodi, godoro la kitanda kimoja lilikuwa limeanza kubabuka kwa joto. Nililigusa. Bado nalisikia lile joto kiganjani.

Nilimwambia Sista Rose ukweli wote. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna nyumba zingine. Nikasema tatu.

"Sasa umesimama hapa ukingoja nini?"

Nimezunguka zote kung'oa swichi zile na kufunga za DC. Mfugaji wa kuku wa Oyugis alinifukuza nilipomaliza. Wenye nyumba ya Migori mjini walinishukuru, na hilo likaniuma zaidi. Ya mwisho ni hapa Muhuru Bay, kwa Mzee Salim mwenye duka la mafriza. Wajukuu wake wanalala chumba cha nyuma ya kisanduku. Nilipokifungua, swichi ilikuwa imeshaanza kugeuka kahawia kwa joto.

Akauliza nani aliyeifunga.

"Ni mimi," nikasema. "Baba yangu alinikataza, nikamdanganya kwamba nimeitoa."

Mzee Salim akasema, kwa upole, kwamba hawezi tena kuniamini kwa neno. Amemwita fundi mwingine akague kazi yangu kabla hajawasha chochote. Nilimwambia amefanya vizuri.

Fundi huyo ameshuka pikipiki sasa hivi. Simjui. Kifuniko nimekiacha wazi, aone kila waya. Ngoja nikasimame karibu yake, baba, aniulize anachotaka.

Binti yako,
Akinyi